Programu ya Utafutaji wa Mafuta na Gesi Haifiki Kwenye Hifadhidata: Dalili, Sababu na Utatuzi

Simu nyingi zinazomfikia mtunza data wa ofisi ya jiolojia huanza kwa maneno yale yale: "Databesi imekufa." Ukienda kuangalia, mara nyingi hifadhidata ni nzima, wajiolojia wengine wako ndani wanaendelea na kazi, na tatizo liko kwenye mashine moja tu, au kwenye mstari mmoja wa faili ambalo mtu alilihariri jana jioni.

Mwongozo huu unahusu programu za kutafsiri data za visima na mitetemo ambazo huhifadhi mradi ndani ya hifadhidata ya pamoja. OpenWorks hukaa juu ya Oracle; Kingdom hukaa juu ya SQL Server au Oracle; Studio ya Petrel nayo ina hifadhidata yake kwenye seva. Nimeipa Oracle nafasi kubwa kwa sababu ndiko malalamiko mengi yanakotoka, na ndiko ujumbe wa kosa unakoweza kukupeleka mahali penyewe ukijua kuusoma.

Kabla hujagusa kitu

Tafuta namba ya kosa. "Imegoma" haimsaidii mtu. Kosa la Oracle huanza na ORA- au TNS- na tarakimu tano, na programu nyingi za jiolojia huificha namba hiyo nyuma ya kidirisha chenye maneno ya jumla. Bonyeza sehemu ya maelezo zaidi, au fungua logi ya programu usome mistari ya mwisho.

Halafu muulize aliyekaa jirani kama yeye anaingia. Kama anaingia, seva iache ilivyo; tatizo ni la mashine yako, akaunti yako au njia yako ya mtandao. Kama hakuna anayeingia, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho. Uliza pia kimebadilika nini tangu jana: Windows imesasishwa, programu mpya imewekwa, nywila imebadilishwa, umeme ulikatika usiku? Watu hujibu "hakuna" kwa haraka, kisha dakika tano baadaye wanakumbuka.

Na kabla ya kuhariri faili lolote, linakili kwanza kwa jina lenye tarehe.

Dalili: ORA-12154, jina halijulikani

Kosa hili lina maana kwamba klayenti ya Oracle (programu ya kwenye mashine yako inayozungumza na seva) imeshindwa kulitafsiri jina uliloandika. Ombi lako bado halijatoka kwenye mashine. Kwa hiyo kupigia simu watu wa mtandao, au kuzima na kuwasha seva, ni kumsumbua asiyehusika.

Sababu inayoongoza: unahariri faili moja, programu inasoma jingine. Mashine ya mjiolojia aliyekaa kazini miaka kadhaa huwa na klayenti mbili au tatu za Oracle, kila programu ikiwa imekuja na yake, na kila moja ina folda yake ya tnsnames.ora, faili linaloorodhesha majina ya hifadhidata na anwani zake. Fungua dirisha la amri, andika `where tnsping`, uone ziko ngapi. Kisha andika `tnsping VISIMA`, ukiweka lakabu yako (jina fupi la hifadhidata) mahali pa VISIMA, na usome mstari unaotaja faili la sqlnet.ora (mipangilio ya mtandao ya Oracle) lililotumika. Folda hiyo ndiyo inayosomwa na klayenti ya kwanza kwenye orodha uliyoiona, hata kama wewe unaamini vingine. Dawa ya kudumu ni kuweka tnsnames.ora moja mahali pamoja, kisha kutengeneza kigeu cha mfumo kiitwacho TNS_ADMIN kinachoielekeza folda hiyo. Ukishakiweka, funga programu yote na uifungue upya, kwa kuwa vigeu vya mfumo husomwa wakati programu inaanza.

Sababu ya pili ni uandishi wa faili lenyewe. Lakabu iliyo sawa inaonekana hivi:

```
VISIMA =
  (DESCRIPTION =
    (ADDRESS = (PROTOCOL = TCP)(HOST = seva-data01)(PORT = 1521))
    (CONNECT_DATA = (SERVICE_NAME = visima.ofisi.local))
  )
```

Angalia pambizo ya kushoto. Neno VISIMA limeanza mwanzo kabisa wa mstari, na mistari inayolifuata imeingizwa ndani. Ukiacha nafasi hata moja kabla ya lakabu, Oracle huihesabu kuwa mwendelezo wa lakabu iliyoitangulia, na zote mbili huharibika. Ndiyo maana mtu anaongeza lakabu mpya chini ya faili, halafu ile ya zamani ndiyo inaanza kugoma. Hesabu na mabano: kila linalofunguka lifungwe. Mtego mwingine ni Notepad, ambayo huweza kuhifadhi faili kama tnsnames.ora.txt huku Windows ikificha hilo .txt la mwisho. Washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili na utalinasa.

Mara chache zaidi, mkosaji ni sqlnet.ora. Kukiwa na NAMES.DEFAULT_DOMAIN, Oracle hubandika kikoa hicho nyuma ya lakabu yako isiyo na nukta, kwa hiyo VISIMA inatafutwa kama VISIMA.ofisi.local na haipatikani. Angalia pia kama NAMES.DIRECTORY_PATH inataja TNSNAMES. Na kama bado mnatumia programu kongwe yenye klayenti ya 10g au ya nyuma zaidi, iliyowekwa ndani ya "Program Files (x86)", mabano ya jina la folda hiyo peke yake yanatosha kuleta kosa hili. Hamishia programu kwenye folda isiyo na mabano.

Ukitaka kujua haraka kama faili ndilo lenye shida, lipite kabisa:

```
sqlplus mtumiaji@//seva-data01:1521/visima.ofisi.local
```

Ikikubali hapa na kukataa kwa lakabu, umeshajua pa kushughulika.

Dalili: ORA-12541 inakuja papo hapo, au ORA-12170 baada ya kusubiri sana

Haya mawili watu huyachanganya, na tofauti yake ni ya maana. ORA-12541 inakuja haraka kwa kuwa mashine ya upande wa pili imejibu kwamba kwenye poti hiyo (mlango wa mtandao wenye namba) hakuna anayesikiliza. ORA-12170 ni kimya: umebisha, hakuna aliyeitikia, muda ukaisha.

Kwa kimya, anza na mambo mepesi. VPN imewashwa? Kompyuta mpakato imejiunga na Wi-Fi ya wageni badala ya ile ya ofisi? Jina la seva linatoa anwani ya IP iliyo sahihi ukiandika `nslookup seva-data01`? Wakati mwingine kuna mtu aliwahi kuandika anwani kwa mkono kwenye faili la hosts miaka iliyopita, seva ikahama, mstari ukabaki. Baada ya hapo pima poti kwa PowerShell:

```
Test-NetConnection seva-data01 -Port 1521
```

Jibu unalolitaka ni TcpTestSucceeded ikiwa True. Usitegemee ping ya kawaida. Ofisi nyingi zimeifunga, na hata ikipita haikuambii lolote kuhusu poti 1521. Kama jibu ni False na wenzako wa ghorofa ile ile wanaingia, tazama fayawoli ya mashine yako. Kama idara nzima imefungiwa, hilo ni la watu wa mtandao. Wapelekee IP ya chanzo, IP ya seva, namba ya poti na saa ya jaribio, watakusaidia haraka kuliko ukienda na malalamiko matupu.

Kwa ORA-12541, hakikisha kwanza namba ya poti. Si kila ofisi inatumia 1521. Kama poti ni sahihi, lisna (programu ya seva inayopokea maombi ya kuunganishwa) imelala au inasikiliza kwenye anwani ya zamani baada ya seva kubadilishiwa jina. Mwenye ruhusa kwenye seva aendeshe `lsnrctl status`. Kama wewe huna ruhusa hiyo, umefika mwisho wako. Mpigie msimamizi wa hifadhidata.

Dalili: ORA-12514 au ORA-12505

Lisna ni kama bawabu wa jengo: anajua ni huduma zipi zimeripoti kuwa ziko ndani. Kosa hili ni bawabu kukwambia kwamba uliyemtaja hamjui. Njia ya mtandao iko sawa na lisna iko hai.

Hapa ndipo tnsping inapodanganya watu. Inapima kama lisna inajibu tu. Haiangalii kama jina la huduma lipo wala kama hifadhidata imefunguliwa. "OK" ya tnsping na ORA-12514 huweza kuja pamoja bila kugongana.

Kwa mazingira yetu sababu ya kwanza ni umeme. Umekatika, genereta ikachelewa, seva ikazima, ikawaka tena; lisna ikaanza, hifadhidata bado. Subiri kidogo: ikishafunguka, hifadhidata hujiandikisha yenyewe kwa lisna ndani ya takriban dakika moja. Isipojitokeza, kuna uwezekano haikupangwa kujiwasha. Kwenye Linux tazama faili /etc/oratab: herufi ya mwisho ya mstari ikiwa N, hati ya dbstart itairuka hifadhidata hiyo. Kwenye Windows, tazama kama huduma inayoanza kwa OracleService imewekwa ijianzishe yenyewe.

Sababu ya pili ni jina la huduma lililokosewa au lililopitwa na wakati. Hili limeongezeka tangu ofisi zianze kuhamia Oracle 19c, ambako hifadhidata ya mradi mara nyingi huwekwa ndani ya hifadhidata kubwa inayobeba nyingine. Mipangilio ya zamani iliyotumia SID (kitambulisho cha zamani cha hifadhidata) inapata ORA-12505, kwa sababu hifadhidata iliyo ndani haifikiwi kwa SID ya zamani. Inafikiwa kwa jina la huduma. Badilisha SID= iwe SERVICE_NAME= na jina ulilopewa na msimamizi. Amri ya `lsnrctl services` inaorodhesha majina yote yanayotambuliwa. Nakili kutoka hapo, usikisie.

Hifadhidata ikikataa kabisa kufunguka baada ya umeme kukatika, na ukaona ORA-01157, ORA-01110 au ORA-00600, acha hapo hapo. Usijaribu kuifungua tena na tena, usihamishe faili lolote. Mwite msimamizi mwenye uzoefu wa kurejesha data.

Dalili: anakataliwa kwa jina au nywila

ORA-01017 ni nywila au jina lisilo sahihi. Angalia Caps Lock kwanza. Tangu 11g nywila za Oracle hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na wapo waliozoea mambo ya zamani. ORA-28001 ni nywila iliyoisha muda: wasifu wa kawaida wa Oracle huipa siku 180. ORA-28000 ni akaunti iliyofungwa, na wasifu huo huo hufunga baada ya majaribio 10 yaliyoshindwa.

Kinachosumbua zaidi ni akaunti inayofunguliwa saa nne asubuhi na saa nne na robo imeshafungwa tena. Mtumiaji anaapa kwamba hajakosea, na anasema kweli. Mahali fulani kuna mashine nyingine inayoendelea kujaribu kwa nywila ya zamani: kompyuta ya mezani aliyoiacha wazi, kazi ya usiku ya kupakia logi za visima, au kiunganishi cha Excel alichokitengeneza mtu aliyeshahama kazi. Kumfungulia tena na tena hakutasaidia. Msimamizi atazame rekodi za ukaguzi, atafute majaribio yaliyoshindwa kwa kosa 1017 na jina la mashine yalikotoka. Ile mashine ndiyo ya kwenda kuizima.

Hatari kubwa zaidi ni akaunti ya huduma, ile ambayo programu yenyewe huitumia nyuma ya pazia kwa niaba ya watu wote. Mtu akiibadilishia nywila kwenye hifadhidata bila kuibadilisha kwenye mipangilio ya programu, ofisi nzima inaanguka kwa mpigo. Usiiguse bila mwongozo wa mtengenezaji. Programu nyingi zina zana yao maalumu ya kufanya badiliko hilo pande zote mbili.

ORA-28040 ni habari nyingine: klayenti ya zamani na seva mpya hazielewani kwenye njia ya kuthibitisha utambulisho. Tiba ni kuweka klayenti mpya. Ipo njia ya mkato, kushusha thamani ya SQLNET.ALLOWED_LOGON_VERSION_SERVER kwenye seva, lakini inarudisha uthibitishaji dhaifu kwa kila mtu ili kumfaa mmoja. Mimi siipendi, na kama ni lazima, iwe ya muda na iandikwe. Kuna ndugu yake wa karibu: baada ya kupandisha toleo la seva, mtumiaji wa miaka mingi anapata ORA-01017 na nywila yake ni sahihi kabisa. Kilichobaki kwenye hifadhidata ni alama ya nywila ya mtindo wa 10g, ambayo toleo jipya halikubali. Msimamizi akimwekea nywila upya, hata ikiwa ile ile, mambo yanakaa sawa.

Kwa wanaotumia SQL Server

Kosa 26 na kosa 40 maana yake seva haikupatikana. Kama ni toleo la Express, kwanza hakikisha TCP/IP imewashwa kwenye zana ya usanidi ya SQL Server, kwani matoleo hayo huja ikiwa imezimwa. Kama jina lina mkwaju, mfano SEVA01\MIRADI, klayenti inahitaji huduma ya SQL Server Browser kupitia UDP 1434 ili ijue poti halisi. Fayawoli ikiifunga, utakwama ingawa 1433 iko wazi. Suluhisho safi ni kuipa SQL Server yenyewe poti ya kudumu na kuiandika: SEVA01,1433.

Kosa 18456 ni kukataliwa kuingia. Ujumbe wa upande wa klayenti hufichwa kwa makusudi, ila logi ya seva ina namba ya hali: 5 ni jina lisilokuwepo, 8 ni nywila isiyo sahihi, 38 ni hifadhidata iliyotajwa kutopatikana. Kama mnaingia kwa akaunti za Windows, tazama saa ya mashine. Ikipishana na seva ya kikoa kwa zaidi ya dakika 5, uthibitishaji wa Kerberos hugoma, na kompyuta zilizokaa kambini muda mrefu bila mtandao hupata ugonjwa huu sana.

Waliopandisha draiva ya ODBC (kiunganishi cha Windows kati ya programu na hifadhidata) hadi 18 hukutana na lalamiko la cheti kisichoaminika. Draiva hiyo husimba mawasiliano bila kuulizwa. Kinachotakiwa ni cheti halali kwenye seva. Kuiambia draiva iamini cheti chochote kunafaa kwa majaribio tu.

Dalili: IM002 au IM014 kwenye ODBC

Hili ni suala la biti 32 na 64. Windows ina madirisha mawili ya kupanga ODBC, na majina ya mafaili yake yanachekesha: la biti 64 liko C:\Windows\System32\odbcad32.exe, la biti 32 liko C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe. Ukitengeneza kiunganishi kwenye moja, programu ya upande wa pili haitakitumia. Jua kwanza programu yako ni ya biti ngapi, kisha tengeneza kiunganishi upande wake. Excel ya biti 32 inayochota orodha ya visima ndiyo mteja mkuu wa kosa hili.

Dalili: inakatika katikati ya kazi

Mjiofizikia anaenda kula, anarudi, anabonyeza kitu, anapata ORA-03113 au ORA-03135. Kama inatokea baada ya kukaa kimya tu, chanzo cha kwanza ni kompyuta kulala. Badilisha mipangilio ya umeme. Cha pili ni fayawoli au VPN inayokata mawasiliano yasiyotumika. Kwa hilo msimamizi aweke SQLNET.EXPIRE_TIME=10 kwenye sqlnet.ora ya seva, ili itume kipimo kidogo kila dakika 10 na fayawoli ione njia inatumika. Ukipata ORA-02396 badala yake, hifadhidata yenyewe ndiyo imepangwa kuwaondoa waliokaa bila kazi.

Kama inakatika hata ukiwa unafanya kazi, na inawakata watu wengi kwa wakati mmoja, usiendelee kuingia upya na kubahatisha. ORA-03113 huweza pia kumaanisha kuwa mchakato wa upande wa seva umekufa. Maelezo yako kwenye logi ya tahadhari ya seva, na hiyo ni ya msimamizi kuisoma.

Dalili: inaunganika, lakini polepole mno

Ukiwa Dar es Salaam na hifadhidata iko Ulaya, kasi ya intaneti si jibu la kila kitu. Programu ya jiolojia ikifungua mradi hutuma maulizo madogo madogo kwa wingi, na kila moja husubiri jibu kabla ya jingine kwenda. Chukua maulizo 2,000 na safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 180: hizo ni sekunde 360, dakika sita za kutazama kidirisha kinachozunguka. Seva ikiwa chumba cha pili, kwa nusu milisekunde, kazi ile ile ni sekunde moja. Kwa setilaiti za kawaida zilizo juu ya ikweta, safari moja hupita milisekunde 500, na hapo usijaribu kabisa. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, yeyote aliyekuwa na data zake ng'ambo alilipata somo hili bila kufundishwa.

Kuongeza upana wa intaneti hakutapunguza kusubiri huko. Kinachofaa ni kuiweka programu karibu na hifadhidata, na mjiolojia aitumie kwa skrini ya mbali. Kama hilo haliwezekani, punguza visima vinavyopakiwa kwa mara moja kwa kutumia vichujio vya eneo.

Kama wote mko jengo moja na seva na bado inakokota, na ilikuwa nzuri mwezi uliopita, mwambie msimamizi atazame takwimu za majedwali baada ya upakiaji mkubwa wa mwisho.

Dalili: imeunganika, ila visima havipo, au viko pasipo

Hii ndiyo dalili inayopoteza siku, kwa kuwa hakuna kosa lolote linaloonekana. Muunganisho umekubali, mradi umefunguka, ramani tupu.

Anza kwa kuhakikisha uko kwenye hifadhidata unayoifikiria. Lakabu ya majaribio na ya kazi hutofautiana kwa herufi moja. Kisha angalia vichujio vya mradi. Halafu ruhusa: mtumiaji mpya aliyepewa akaunti bila kupewa majukumu ya mradi ataona mradi mtupu, au kwenye logi utakuta ORA-00942, ambayo husema jedwali halipo hata pale lilipo ila hujaruhusiwa kuliona. Data za mitetemo zikikosekana huku visima vipo, tatizo kwa kawaida halimo ndani ya hifadhidata. Mafaili makubwa ya mitetemo hukaa nje, hifadhidata ikiwa na njia tu ya kuyafikia. Mashine yako ikiwa imeipa diski hiyo herufi R na mradi unaitafuta kwa S, hutapata kitu.

Kisha kuna visima vinavyoonekana, ila vimesogea. Tanzania na Kenya, data za zamani nyingi ziko kwenye datumu (msingi wa kupimia koordineti) ya Arc 1960, na za sasa kwenye WGS 84. Kisima cha enzi za Songo Songo, gesi ilipogunduliwa na kampuni ya Agip mwaka 1974, kikisomwa kwa datumu isiyo yake husogea mita 300 na ushei. Huo si umbali wa kupuuza. Ni kuhama kutoka upande mmoja wa mpasuko hadi mwingine. Kwa eneo la Kilwa na Mtwara, tofauti ni kati ya EPSG 21037 (EPSG ni namba za kutambulisha mifumo ya koordineti), ambayo ni Arc 1960 kanda ya 37 kusini, na EPSG 32737, kanda hiyo hiyo kwa WGS 84. Soma mfumo wa koordineti wa mradi, usome na ule uliotajwa wakati wa kupakia, kisha linganisha. Usisahihishe kwa kusogeza visima kwa mkono. Mwite mjiofizikia anayehusika na data, kwa kuwa badiliko hilo linamgusa kila anayetumia mradi.

Ofisi za Kongo, Burundi au Msumbiji zina lao. Windows ikiwa ya Kifaransa au Kireno, desimali ni mkato badala ya nukta. Kina cha 2345.6 hukataliwa kwa ORA-01722, au vibaya zaidi, hupokelewa kikiwa 23456. Angalia NLS_LANG na NLS_NUMERIC_CHARACTERS, mipangilio ya Oracle ya lugha na alama za namba, za kila mashine inayopakia data, na baada ya kupakia daima tazama kina kikubwa kuliko vyote. Kisima chenye kina cha kilomita 23 kitajitangaza chenyewe.

Ofisi nzima imekwama: hapa usiguse

ORA-00257 maana yake sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu za mabadiliko imejaa, na hifadhidata imesimamisha kazi hadi ipate nafasi. Hutokea sana baada ya kupakia mradi mkubwa. ORA-12516, ORA-12519 au ORA-00020 ni michakato iliyofika kikomo: watu wameacha programu wazi kwenye mashine nyingi, au kazi fulani inafungua miunganisho bila kuifunga. Kwa hili la pili unaweza kusaidia mara moja kwa kuwaomba watu wafunge programu wasizozitumia.

Kwa la kwanza, toa mikono. Diski ikijaa, mtu mwenye nia njema huingia kwenye seva kutafuta cha kufuta, na anakutana na redo01.log, redo02.log, redo03.log. Kiambishi cha .log kinamdanganya. Hayo ni mafaili hai ya hifadhidata. Ukiyafuta, kazi ya watu wote huweza kupotea na hifadhidata isifunguke tena. Hata kumbukumbu za mabadiliko zilizohifadhiwa hazifutwi kwa mkono. Huondolewa kwa RMAN, zana ya Oracle ya nakala rudufu, baada ya kuthibitisha kwamba nakala rudufu zipo.

Ukimwita msimamizi au fundi wa mtengenezaji, mpe namba ya kosa, saa ilipoanza, lakabu iliyotumika, toleo la klayenti na la seva, na orodha ya ulichokwisha kujaribu. Akikuomba umtumie nakala ya mradi ili aichunguze kwake, usimtumie kabla ya kupata idhini kwa maandishi. Kwa Tanzania, data za utafutaji ni mali ya Serikali chini ya Sheria ya Petroli ya 2015. Mtumie logi, baada ya kuzipitia na kuondoa nywila zilizoandikwa waziwazi humo.